Nyota moja, majina matatu: orodha ipi ya jozi zinazopatwa niiamini?

Swali: "Nimekuwa nikipakua data za wazi za setilaiti na kuchora grafu za mwangaza wa nyota zinazopatwa, nikikusudia kutengeneza orodha yangu ndogo. Nyota moja imenishinda. Orodha ya kwanza imeiandika EB, kipindi siku 0.744. Ya pili imesema ni jozi iliyotengana nusu. Ya tatu inadai si jozi kabisa, ni nyota inayopwita kwa kipindi cha siku 0.372. Kwenye grafu yangu naona mabonde mawili, moja lina kina cha manitudi 0.46 na jingine 0.39. Nani mkweli, nami niandike nini?"

Kwanza kwa msomaji mgeni: jozi inayopatwa ni nyota mbili zinazozungukana, kila moja ikipita mbele ya mwenzake na kuificha; nyota inayopwita huvimba na kunywea yenyewe; na manitudi ni kipimo cha mwangaza ambacho namba kubwa ni mwanga hafifu. Ndugu yangu, orodha ya tatu imekosea, na data ya kuthibitisha hivyo unayo mwenyewe. Mbili za kwanza hazigombani, kwa sababu hazijibu swali moja. Herufi EB zinaeleza mchoro ulivyo. Maneno "iliyotengana nusu" ni dai kuhusu miili miwili iliyo mbali sana nasi, ambayo hakuna mtu aliyeiona ikiwa imeachana. Nimesoma orodha nyingi za namna hii, na makosa mengi ninayoyakuta yanatokana na mtu kuchukua jibu la swali moja na kulipachika kwenye swali jingine.

Tuanze na mchoro. Orodha kuu ya nyota badilifu, iliyoanzishwa Moscow na Boris Kukarkin na Pavel Parenago, toleo lake la kwanza likitoka mwaka 1948, huzigawa jozi zinazopatwa kwa umbo la grafu. Nyota ni EA iwapo unaweza kuweka kidole kwenye grafu na kusema: hapa kupatwa kumeanza, hapa kumekwisha. Nje ya mabonde mwangaza hukaa karibu tambarare. Ni EB iwapo huwezi kuweka kidole hicho, kwa kuwa mwangaza unapanda na kushuka muda wote, na bonde la pili lipo lakini kwa kawaida kina chake ni kidogo kuliko cha la kwanza. Ni EW iwapo mabonde yote mawili yanakaribiana kina na kipindi ni chini ya siku moja. Kwa nini EB na EW hazina uwanda? Nyota zikikaribiana sana, kila moja huvutwa na mwenzake mpaka ikawa kama yai, na yai likizunguka hutuonyesha mara ubavu mpana, mara ncha nyembamba. Mwangaza hubadilika hata kabla moja haijaingia mbele ya nyingine.

Herufi hizo tatu zimetokana na nyota tatu za mfano: Algol, Beta Lyrae na W Ursae Majoris. Mbili za kwanza zina habari ambayo hainichoshi kuisimulia. Mwaka 1782 kijana kiziwi wa miaka 18, John Goodricke, alianza kuitazama Algol kwa macho matupu kutoka mji wa York, Uingereza. Ilijulikana tangu zamani kwamba nyota hiyo hufifia, na jina lake la Kiarabu, ra's al-ghul, maana yake ni kichwa cha zimwi. Goodricke aligundua kwamba kufifia huko kuna ratiba. Hurudi kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hivi. Mwaka 1783 akapendekeza kwamba huenda kuna mwili mkubwa unaopita mbele yake. Mwaka uliofuata akagundua kubadilika kwa Beta Lyrae. Alifariki mwaka 1786 akiwa na miaka 21. Wazo lake lilisubiri zaidi ya karne moja, hadi mwaka 1889, ndipo Hermann Vogel wa Potsdam, Ujerumani, alipopima spektra ya Algol, yaani mwanga wake uliotawanywa katika rangi zake, na kuona ikisogea mbele na nyuma kama nyota inayozunguka na mwenzake. W Ursae Majoris ilikuja baadaye, mwaka 1903, nayo ilitoka Potsdam.

Sasa tazama herufi inavyoweza kumpotosha msomaji wa haraka. Algol ni EA. Ndani yake mna nyota ya moto yenye tungamo la zaidi ya Jua mara tatu, na mwenzake aliyevimba, wa baridi zaidi, mwenye tungamo la kama 0.7 ya Jua. CM Draconis nayo ni EA. Ndani yake mna vibete wekundu wawili, yaani nyota ndogo za baridi, wanaofanana mno, kila mmoja akiwa na chini ya robo ya tungamo la Jua, na hawajawahi kupeana hata chembe ya gesi. Grafu zote mbili zina uwanda na mabonde yenye kingo zilizo wazi, basi zote zimeandikwa EA. Ukidhani kila EA ni ndugu wa Algol, utakuwa umewaweka nyumba moja watu wasio na nasaba. (Ndiyo maana nami napenda kusema "jozi" kuliko "nyota pacha". Pacha tunatarajia wafanane, na hawa mara nyingi hawafanani hata kidogo.)

Mgawanyo wa pili, ule wa "kutengana nusu", ulipewa sura yake na Zdeněk Kopal mwaka 1955. Huu hauangalii grafu. Unaangalia nafasi. Kila nyota katika jozi ina eneo lake la mvuto, linaloitwa kwa jina la Mfaransa Édouard Roche. Chora maeneo hayo mawili pamoja utapata umbo la tarakimu nane, moja ya pete zake ikiwa kubwa kuliko nyingine, na mahali pete zinapokutana ndipo gesi inapoweza kuvuka. Nyota zote mbili zikiwa ndogo ndani ya pete zao, jozi imetengana. Moja ikijaza pete yake, imetengana nusu, na gesi yake huanza kumwagikia upande wa pili. Zote zikijaza na kufurika, zinagusana na kuvaa angahewa moja.

Algol imetengana nusu, na hapo ndipo palipokuwa na fumbo lililowasumbua wanaastronomia. Nyota nzito huteketeza mafuta yake haraka na kuzeeka mapema. Mbona katika Algol mzee aliyevimba ndiye mwepesi? Jibu lililopatikana miaka ya 1950 ni kwamba huyo mwepesi ndiye aliyekuwa mzito hapo mwanzo. Alivimba, akajaza pete yake, akammiminia mwenzake sehemu kubwa ya mwili wake. Beta Lyrae iko katikati ya kazi hiyo hivi sasa. Kipindi chake ni karibu siku 12.94, na kinarefuka kwa takriban sekunde 19 kila mwaka kwa sababu gesi inahama. Kwa W Ursae Majoris, kugusana kunaeleza pia kwa nini mabonde ni sawa. Nyota mbili zenye tungamo tofauti zinashirikiana angahewa, joto la nyuso zao linakaribiana, na kina cha bonde hutegemea sana ukali wa mwanga wa uso unaofunikwa.

Kina kinasema mengi, na ningependa ukizoee kipimo kimoja. Nyota mbili zilizo sawa kwa kila hali, moja ikiifunika nyingine kabisa, hupoteza nusu ya mwanga wao, yaani manitudi 0.75. Ukiona bonde lenye kina cha zaidi ya hapo, nyuso za nyota hizo haziwezi kuwa na ukali sawa. Algol hushuka kutoka manitudi 2.1 hadi 3.4, ikipoteza kama asilimia 70 ya mwanga wake. Hilo peke yake linatosha kukuambia kwamba mmoja wao ni hafifu sana kwa kila kipande cha uso wake. Mabonde yako ya 0.46 na 0.39 hayakupi uhakika wa aina hiyo. Yanaonyesha tu kwamba nyuso mbili hazitofautiani sana kwa joto.

Basi kutoka EB kwenda "iliyotengana nusu" ni hatua, na kila hatua inataka ushahidi. Ili kujua kama nyota imejaza pete yake ni lazima ujue ukubwa wa pete, na ukubwa wa pete unategemea uwiano wa tungamo la nyota mbili. Uwiano huo hupatikana kwa usalama kwenye spektra, pale mistari myembamba ya giza katika mwanga wa kila nyota inapoonekana ikienda na kurudi. Kwa grafu peke yake unaweza kuukisia vizuri endapo kupatwa ni kamili na chini ya bonde kuna sakafu tambarare. Kwenye mabonde yenye ncha, kama ninavyodhani ni ya kwako, miundo mingi tofauti huifaa grafu ileile. Orodha ya pili, kama imetegemea mashine iliyotazama umbo tu, imeandika dhana kwa sauti ya hukumu. Inawezekana dhana hiyo ni ya kweli. Haijathibitishwa.

Nirudi kwa orodha ya tatu, maana kosa lake ndilo linalorudiwa kuliko yote. Angalia kwamba 0.372 ni nusu kamili ya 0.744. Programu za kutafuta vipindi hutafuta wimbi linalojirudia, na jozi yenye mabonde mawili yanayokaribiana hujirudia, kwa jicho lisilo kali, kila nusu mzunguko. Ukiikunja data kwa nusu ya kipindi, bonde kubwa na dogo hulaliana na kuwa moja, na kinachobaki ni wimbi laini. Bahati mbaya zaidi, zipo nyota za aina ya RR Lyrae zinazopwita kwa wimbi laini namna hiyo, zenye vipindi vya kati ya siku 0.2 na 0.5 na mabadiliko ya karibu nusu manitudi. Mashine ikaona vyote vinalingana, ikaandika. Kama vipimo vyake vilikuwa vichache na vyenye makosa ya manitudi 0.05 au zaidi, tofauti yako ya 0.07 ilizama humo.

Namna ya kuhakiki ni hii. Kunja data kwa 0.744, yaani kwenye wakati wa kila kipimo toa wakati wa bonde mojawapo, gawanya kwa kipindi, na ubaki na sehemu ya desimali tu. Kisha yape mabonde namba kwa mfuatano, na upime ya namba shufwa peke yake na ya namba witiri peke yake. Kama tofauti ya kina inabaki ileile kwa mizunguko mingi, kipindi kirefu ndicho sahihi, kwa kuwa nyota inayopwita haina sababu ya kukumbuka zamu ya shufwa na witiri kwa uaminifu huo. Halafu tafuta vipimo vya rangi. Nyota ya RR Lyrae inapong'aa huwa ya buluu zaidi, ikififia huelekea wekundu, kwa kuwa joto lake linabadilika kwelikweli. Jozi yenye nyuso za joto linalokaribiana hubadilisha mwangaza bila kubadilisha rangi sana. Mwisho tazama umbali wake uliopimwa na setilaiti ya Gaia, kwani umbali pamoja na mwangaza tunaouona hukuambia nyota inang'aa kiasi gani kwa kweli. Nyota za RR Lyrae hung'aa kama Jua mara 40 au 50. Kama yako haifiki huko, jambo limekwisha.

Kwa kuwa tupo kwenye kipindi, usiridhike na tarakimu tatu. Chukua jozi kama W Ursae Majoris, yenye kipindi cha siku 0.3336, karibu saa nane. Tuseme umekosea kwa siku 0.00001 tu, chini ya sekunde moja. Katika miaka 10 jozi hiyo huzunguka karibu mara 10,950, na kosa lako litakuwa limejilimbikiza hadi saa mbili na nusu na zaidi, theluthi ya mzunguko mzima. Atakayeelekeza darubini kwa kufuata orodha yako atakuta bonde limepita zamani. Kwa hiyo andika pamoja na kipindi tarehe na wakati wa bonde ulilopima, na kiasi cha shaka uliyo nayo kwa kila kimoja.

Na pale usipokuwa na kipindi, acha wazi. Setilaiti ya TESS hutazama kila kipande cha anga kwa takriban siku 27 kabla ya kuhamia kwingine. Epsilon Aurigae hupatwa mara moja kila miaka 27, na kupatwa kwake huchukua karibu miaka miwili. Kupatwa kwake kwa mwisho kulikuwa kati ya 2009 na 2011. Kati ya siku 27 na miaka 27 kuna jozi chungu nzima ambazo utaziona zikifanya bonde moja tu. Bonde moja ni habari njema ya kuandikwa kama lilivyo.

Umeniuliza pia, kwa namna, kwa nini orodha za wataalamu zipishane. Jibu liko kwenye wingi. Mwaka 1915 Harlow Shapley alichapisha uchambuzi wa jozi 90, na kila moja ilipita mikononi mwake. Setilaiti ya Kepler ilitazama nyota zipatazo 200,000 na orodha yake ikafikia jozi 2,878. Mradi wa OGLE, unaoendeshwa na Wapoland kwa darubini iliyoko Chile, ulitoa mwaka 2016 orodha ya zaidi ya 450,000 kuelekea kitovu cha galaksi yetu. Gaia imeorodhesha zaidi ya milioni mbili zinazodhaniwa kuwa jozi zinazopatwa. Hakuna macho ya watu yanayotosha kazi hiyo, na mimi siwalaumu waliokabidhi mashine. Ninachowaomba wasomaji ni kutazama safu ya "inadhaniwa" kabla ya kunukuu.

Njia iliyotumiwa na kundi la Kepler naipenda. Badala ya kulazimisha kila grafu iingie kwenye chumba kimoja, waliipa namba moja kati ya 0 na 1. Karibu na 0 kuna mabonde membamba yenye uwanda mpana, mfano wa jozi zilizotengana sana. Karibu na 1 kuna mawimbi laini ya nyota zenye umbo la yai zisizopatwa kabisa. Katikati kuna mteremko usio na kuta. Hivyo ndivyo ilivyo huko juu. Kuta ni zetu, na nyota yako imekaa juu ya ukuta: tofauti ya mabonde yake ni ndogo mno kwa EB ya kawaida, ni kubwa kidogo kwa EW.

Jambo jingine la kuangalia kwenye data ya TESS ni upana wa pikseli, kama sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe angani). Nyota kadhaa huingia ndani ya pikseli moja, na mwanga wa jirani asiyebadilika hufupisha kina cha mabonde. Pengine bonde unaloliona si la nyota unayoidhania. Watafutaji wa sayari wanalijua hili vizuri, kwa kuwa jozi hafifu iliyojificha nyuma ya nyota angavu hutoa bonde dogo linalofanana na la sayari. Linganisha na data ya darubini yenye picha kali zaidi kabla ya kuandika kina chochote.

Usije pia ukaichukulia orodha kuwa sensa. Nyota mbili mfano wa Jua zikiwa na kilomita milioni 4 kati yao, zikizungukana kwa siku moja na ushei, zina nafasi kama ya asilimia 35 ya kutuonyesha kupatwa. Zikiwa mbali kama Dunia na Jua, nafasi haifiki hata asilimia moja. Orodha zetu zimejaa majirani wa karibu kwa sababu hao ndio wanaotuonyesha kupatwa mara nyingi.

Na kuna tarehe. Sidhani kama kuna safu inayopuuzwa kama hii. SS Lacertae ilikuwa jozi ya kupatwa yenye kipindi cha siku 14.4, ikaandikwa, ikapimwa. Kisha katikati ya karne ya 20 kupatwa kukakoma. Nyota hazikwenda popote. Nyota ya tatu iliyo pamoja nazo imeinamisha njia yao hadi haipiti tena kwenye mstari wa macho yetu. V1309 Scorpii ilifika mbali zaidi. OGLE walikuwa wakiipiga picha kwa miaka kadhaa kabla haijalipuka mwaka 2008, na walipozirudia picha hizo waliona jozi inayogusana, yenye kipindi cha siku 1.4 kilichokuwa kikifupika kila mwaka, na grafu yenye vilima viwili ikigeuka taratibu kuwa ya kilima kimoja. Nyota hizo mbili zilikuwa zikiungana kuwa moja. Mtu aliyeiandika aina yake mwaka 2002 na aliyeiandika mwaka 2007 wasingeafikiana, na wote wangekuwa wakweli kwa mwaka wao.

Sasa mstari wako. Ningeuandika hivi: umbo la grafu EB, na alama ya kuuliza inayoelekea EW, kipindi siku 0.744 pamoja na tarakimu zote unazoweza kuzitetea, kina 0.46 na 0.39, chujio au setilaiti iliyotumika, na miezi ambayo data ilichukuliwa. Kwenye safu ya hali ya kimwili ningeandika "haijathibitishwa", kisha kando nitaje kwamba orodha moja inadhani imetengana nusu. Orodha ya tatu usiifiche. Itaje na ueleze kwamba kipindi chake ni nusu ya kile cha kweli, ili anayekuja baada yako asipoteze wiki moja kwenye fundo ulilokwisha kulifungua.

Ukimpata mwenye spektrografu, mwombe apige mara mbili tu kwa kuanzia: robo ya mzunguko baada ya bonde kuu, na robo tatu. Nyakati hizo nyota moja huwa inakuja kwetu kwa kasi yake yote na nyingine inaondoka, na mistari yao huachana kuliko wakati mwingine wowote. Uwiano wa tungamo ukipatikana hapo, ile safu uliyoiacha wazi utaweza kuijaza.